Harufu Mkononi

Nyaruai wa mtaa wa Tuwan, Kitale, hakuwa mwoga, mtu asikudanganye. Kuna mwaka alimfukuza mwizi wa kuku kwa mwiko wa ugali, mchana kweupe, leso imemwanguka na yeye hajali, mpaka mwizi mwenyewe akaomba radhi. Radi haikumtisha. Wakaguzi wa serikali wakija dukani wamenuna, aliwapa viti na kuwatania. Kitu kimoja tu ndicho kilichomtia tumbo joto, nacho ni kusahau.

Utacheka, najua. Nani hasahau? Lakini ngoja kwanza. Mama yake, Mukami, alianza hivyo hivyo akiwa na miaka hamsini na mbili. Alianza na sufuria aliyoiacha motoni. Ikaja chumvi kwenye chai. Halafu akaanza kusikia harufu ya maziwa yanayoungua wakati jiko ni baridi na ng'ombe hajakamwa, akawa anazunguka nyumba nzima akinusa na kufoka. Baadaye zikampotea njia, kisha majina, na mwisho likampotea jina la Nyaruai, kifungua mimba wake. Sasa mama alikuwa akiishi Kiminini kwa Nyambu, binti yake mdogo, akikaa kwenye kiti karibu na mlango wa jikoni na kumuuliza kila aingiaye, "Wewe ni nani?" Na Nyaruai mwenyewe alikuwa ametimiza hamsini na moja mwezi wa pili.

Ndiyo maana siku alipoikuta kufuli ya duka ndani ya friji ya chanjo za kuku, na akajua hakuna mwingine wa kuiweka humo ila yeye, aliifunga friji taratibu. Alikaa juu ya gunia la chakula cha ng'ombe, kufuli baridi mkononi, akasema kwa sauti, "Imeanza."

Duka lilikuwa la Issack, agroveti ndogo karibu na msikiti mjini Kitale, na Nyaruai alikuwa ameuza pale miaka kumi na minne: mbegu, mbolea, dawa za kupe, dawa za magugu. Hiyo ni kazi inayotaka kichwa. Ukimpa chumvi mtu aliyetaka sukari, atatema chai yake na maisha yataendelea. Ukikosea dawa ya shamba, nyumba nzima italala njaa mwaka mzima. Alilijua hilo, kwa hiyo tangu siku ya kufuli alianza kujichunga. Kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza alijitahini: majina ya binamu zake kumi na mmoja, kisha miezi kutoka Desemba kurudi nyuma. Akikwama kwa binamu wa nane, siku imeharibika. Na kadiri alivyojichunga ndivyo mambo yalivyozidi kumponyoka, maana alikuwa akimhudumia mteja huku kichwani anatafuta binamu. Ebu niambie, hapo kufuli itakosaje kuingia kwenye friji?

Mwezi wa tatu alimdanganya Issack kwamba anaenda matangani, akaenda Bungoma. Hospitali Kitale ziko, lakini Kitale ukikohoa mara mbili wamama wa kanisa wameshakuletea uji na maswali. Bungoma hakuna aliyemjua. Katika kliniki moja ndogo alimpata muuguzi aitwaye Cherono, mwanamke wa Mlima Elgon, mpole wa sauti na mkali wa macho. Cherono alimpima damu na presha, akampa maneno matano ayashike, akampigisha soga ya mvua na ya watoto, kisha ghafla akayadai. Nyaruai akayatoa yote matano.

"Kichwa ni kizima, mama," Cherono alisema. "Shida ni moja. Wewe haukai ndani yake. Mwili uko hapa kwa kiti, akili iko Kiminini, inalia."

"Sasa unanipa dawa gani, daktari?"

"Nakupa kazi. Kila asubuhi kaa kimya, dakika kumi. Sikia pumzi ikiingia kwa pua, sikia ikitoka. Akili itatoroka, hiyo ndiyo tabia yake. Ukigundua imetoroka, irudishe kwa pumzi. Usiigombeze."

"Halafu?"

"Halafu itatoroka tena. Unairudisha tena."

"Na ndiyo hiyo tu?"

"Na ukishika kitu, shika hicho. Ukiosha sufuria, uwe na sufuria: maji, harufu, mikono. Usioshe sufuria ukiwa Kiminini."

Nyaruai alitoka pale amefura. Yaani atoke Kitale mpaka Bungoma, adanganye watu habari za kifo, aje kufundishwa kupumua, kitu alichokuwa akikifanya bure tangu azaliwe! Na yale maneno matano hayakumtuliza hata kidogo. Mama naye mwanzoni alijibu maswali yote ya madaktari, tena kwa madaha.

Lakini mtu mwenye hofu hachagui. Wiki hiyo hiyo alianza. Alifika dukani mapema, akageuza kreti ya soda nyuma ya duka katikati ya magunia, akakaa, akafumba macho. Siku ya kwanza alipata pumzi mbili. Ya tatu ikaja na sauti ya mama yake: Wewe ni nani? Alisimama haraka mpaka akagonga rafu, chupa za dawa ya minyoo zikamwagika chini. Siku ya pili, sauti ile ile. Ya tatu akalia. Hakuna aliyemwambia kwamba ukinyamaza, lile unalolikimbia ndilo linakuwa la kwanza kubisha hodi.

Hata hivyo aliendelea, kwa ukaidi zaidi kuliko imani. Katika wiki ya pili alifikisha pumzi kumi bila kutoroka. Katika wiki ya tatu aligundua jambo la ajabu: kila aliposhika mtungi wa dawa alikuwa anabana pumzi, bila kujua, pengine kwa miaka. Akaiachilia. Akaanza kusikia ladha ya chai yake ya saa nne. Akaanza kuwasikia wateja mpaka mwisho wa sentensi. Binamu kumi na mmoja walipumzika, na kufuli ikakaa mahali pake.

Asubuhi moja Issack aliingia kwa mlango wa nyuma, akamkuta amefumba macho juu ya kreti. Nyaruai aliruka, akawaza: Sasa huyu atasema nimelala kazini, au nimerukwa na akili.

"Sikuwa nimelala, Issack."

"Kwani nimesema umelala?" Issack alivua kofia, akajikuna kichwa. Nyaruai akamweleza habari ya kuirudisha akili, kwa aibu, akiacha kumtaja mama. Issack akacheka polepole, akamwita kwa jina la mwanawe kama kawaida yake. "Mama Gathii, hata sisi hiyo vita tunaijua. Mtu ameinama kwenye swala, mwili unasujudu, akili inapakia mbolea kwa lori. Endelea bana. Mimi mwenyewe nahitaji."

Issack alilipokea hivyo. Nyambu naye, alipoambiwa Jumapili moja kule Kiminini, aliweka kikombe chini taratibu. Nyambu alikuwa mzito kanisani, wa maombi ya kufunga, na hakupenda mchezo.

"Unakaa kimya, hauombi?"

"Napumua tu."

"Unanyamazisha akili, unaacha mlango wazi, na haumwiti Bwana. Sasa unafikiri ni nani ataingia?" Akatupa macho mlangoni, pale mama yao alipokaa akichezea kifungo cha sweta. Akashusha sauti. "Nyaruai, umewahi kujiuliza Mama alianzaje? Si alikuwa anakaa tu hivyo, ametulia, anaangalia ukuta?"

Maneno gani hayo ya kumwambia dada yako! Lakini yalimwingia. Nyaruai alirudi Tuwan nayo. Asubuhi iliyofuata hakukaa kwenye kreti, wala kesho yake. Siku nne alipita kando yake bila kuitazama, na binamu kumi na mmoja wakarudi kazini.

Siku ya nne ilikuwa Alhamisi, mwezi wa tano, mahindi yako magotini na kila mtu anataka dawa ya magugu. Hapa inabidi nikueleze walivyofanya kazi, na usinirushie mimi mawe. Mkulima mdogo hawezi kununua lita nzima ya dawa, kwa hiyo alikuja na mtungi wake mtupu kutoka nyumbani, mara nyingi ule wa manjano wa mafuta ya kupikia, akapimiwa anachoweza. Sheria inakataza. Duka lilijua, wakulima walijua, na mahindi yalihitaji kupuliziwa. Na kwa sababu mtungi wa mafuta hauna maandishi ya dawa, Nyaruai alikuwa na ufundi wake: uzi wa gunia shingoni mwa mtungi. Fundo moja ni dawa ya mahindi, ile inayoua magugu na kuyaacha mahindi. Mafundo mawili ni ile kali ya kusafishia shamba, inayounguza kila jani inaloligusa. Ile kali inanuka, kama yai viza, tena harufu inayong'ang'ania ngozi. Glavu zilikuwepo. Zilitundikwa msumarini mwaka mzima, mapambo.

Asubuhi aliuza ile kali mara moja tu, kwa mzee Kiarie aliyekuwa anasafisha ua. Saa saba alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akala chapati na maharagwe. Saa tisa akaja Khisa.

Khisa alikuwa mkulima wa Sirisia aliyeleta vitunguu sokoni Kitale kila Alhamisi, mtu mfupi mwenye maneno mengi. Alitaka dawa ya mahindi. Ekari mbili, alisema, na msimu uliopita viwavi walimmaliza, kwa hiyo haya mahindi yakienda, na watoto wanaenda nayo. Nyaruai alichukua mtungi wake. Ndipo simu ikalia, ni Nyambu, na Nyaruai akaibana kati ya sikio na bega huku mikono ikifungua na kumimina.

"Mama ametoka! Nimeenda choo tu, nikirudi hayuko. Wamempata kule barabarani kwa malori, anauliza watu yeye ni nani. Sasa hata yeye mwenyewe hajijui, Nyaruai!"

Mikono ilifunga kifuniko. Mikono ilifunga uzi, fundo moja. Khisa akalipa kwa pesa taslimu za vitunguu, akabeba mtungi.

"Kesho umande ukikauka, napuriza," alisema kwa kile Kiswahili chake cha Bungoma, akaenda zake. Hakuna mteja mwingine wa dawa ya magugu aliyekuja baada yake.

Saa kumi na moja duka lilikuwa tupu. Issack alikuwa Eldoret kufuata mali. Nyaruai alikuwa bado anaisikia ile sauti ya Nyambu, na hofu ilimjaa mpaka akaona afadhali hayo mapepo aliyotishiwa na Nyambu kuliko hofu hiyo. Akageuza kreti, akakaa, akafumba macho. Pumzi ikaingia. Alikuwa ameegemeza uso mikononi, na pumzi ikaingia na yai viza.

Alifumbua macho. Akanusa kidole, akanusa kiganja. Saa saba alinawa kwa sabuni, na chapati aliila kwa mkono huu huu, ingekuwa inanuka asingeimeza. Baada ya hapo alikuwa amemimina dawa moja tu, ya Khisa.

"Mungu wangu. Nimempa ile kali."

Na papo hapo hofu ya pili ikasimama nyuma ya ile ya kwanza, kubwa kuliko hiyo. Mama naye alisikia harufu. Maziwa yanaungua, jiko baridi. Je, kama mkono haunuki kitu? Je, kama hivi ndivyo inavyoanza?

Alihitaji pua ya mtu mwingine. Alifunga duka, akakimbilia sokoni kwa Jerop, aliyeuza vitunguu meza moja na Khisa, akamnyooshea mkono usoni.

"Nusa. Unasikia nini?"

"Mimi?" Jerop alicheka mpaka machozi. "Tangu nianze hii biashara, mama, sinusi hata choo. Vitunguu vimeua pua."

Angalau Jerop alikuwa na nambari ya Khisa. Nyaruai alipiga papo hapo. Yule mwanamke wa kwenye simu akamwambia kwa adabu zake zote kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Akapiga mara ishirini mpaka giza likaingia, na mara zote ishirini mwanamke yule hakuchoka kumwambia hivyo hivyo. Usiku huo Nyaruai hakupata hata lepe la usingizi.

Kabla ya kuondoka alfajiri alipitia dukani, akazitungua zile glavu msumarini. Njia ya Sirisia inapita Kiminini, na hakushuka. Alikaa dirishani, mkono wa kulia umelala mapajani, na njia nzima hakujua aombe nini. Nikuambie ukweli wake wote, hata ule wa aibu. Kama mtungi wa Khisa una dawa sahihi, mahindi yamepona na kichwa chake kimekwenda. Kama una ile kali, watoto wa Khisa hawana chakula, lakini pua yake haikudanganya, na kichwa bado ni chake. Kila alipofungua mdomo kuomba moja, nyingine ilimzuia. Akaishia kumwita Mungu kwa jina tu, bila ombi.

Alifika Sirisia saa tatu na nusu. Jua lilikuwa limetoka kali na umande ulikuwa umekauka. Kijana wa pikipiki alimjua Khisa, akamfikisha mpaka kwenye ua wa shamba, na kutoka pale Nyaruai aliona pampu ya buluu mgongoni mwa mtu, ikitembea katikati ya mahindi.

"Khisa! Simama! Usipulize!"

Khisa aligeuka. Alikuwa amemaliza mistari minne. "Mama wa dawa? Ni wewe? Umefuata nini huku?"

Nyaruai alipita mahindi mbio, akapiga magoti kwenye mtungi, akafungua kifuniko. Yai viza likampiga usoni. "Nusa hii! Inanuka, ama hainuki?"

Khisa alinusa, akainua mabega. "Inanuka dawa. Sasa dawa yote si inanuka? Mimi hii ya mahindi ndiyo mara ya kwanza natumia, nitajuaje?" Sauti ikaanza kupanda. "Simu imezima, stima haiko tangu juzi. Sasa wewe unaniambia nini, mama? Umenipa sumu?"

"Nafikiri nimekupa ile ya kuunguza."

"Unafikiri!" Khisa aliishusha pampu kwa kishindo. "Unafikiri ni nini? Wingu liko kule mlimani, mchana mvua inakuja. Nikiacha leo magugu yanameza mahindi. Wewe uliuza, wewe ujue! Ni ile ama si ile?"

Hapo ndipo alipobanwa. Aliutazama mtungi, na fundo moja shingoni lilisema uongo au lilisema kweli. Mikono yake ndiyo iliyofunga, na hakuwa na kumbukumbu yoyote ya kufunga. Alitafuta kichwani, akapata tu sauti ya Nyambu na malori.

"Sijui," alisema. "Sikuwa pale nilipomimina. Lakini ile kali ikiwa kwa jani, kwa jua kama hili, saa sita jani litakuwa limeanza kufa. Nipe mpaka saa sita, Khisa. Nitakaa hapa. Ikiwa si hiyo, utapuliza, na mimi nitapuliza na wewe."

Khisa alitukana kwa Kibukusu, akaenda kukaa kwenye kivuli cha ghala lake. Mke wake alimletea Nyaruai chai na kigoda. Nyaruai akakaa mwisho wa ule mstari wa nne, mbele ya mahindi.

Basi zilikuwa saa mbili ndefu kuliko mwaka. Hofu ilimjia yote kwa pamoja: Issack atasema nini, watoto wa hapa watakula nini, nani atamfungia mlango yeye atakapoanza kutoka kwenda barabarani. Alitaka kusimama. Alitaka kukimbia, kupiga simu, kuhesabu binamu. Akasikia pumzi ikiingia. Akatoroka, akarudi. Akatoroka tena mpaka Kiminini, akairudisha akili kwenye kigoda, polepole, bila kuigombeza. Na kwa mara ya kwanza maishani akaiangalia hofu yenyewe, badala ya yale inayomwonyesha. Ilikuwa chini ya mbavu, upande wa kushoto, baridi, inapanda na kushuka. Hiyo ndiyo ilikuwa hofu. Ilikuwa na mahali, na yeye alikuwa amekaa kando yake. Haikuondoka, lakini hakukimbia.

Saa sita kasorobo aliona ncha ya jani la kwanza imejikunja. Akasogea. Kijani kilikuwa kimegeuka cheusi cheusi, jani limelegea kama sukuma wiki iliyotiwa maji moto. La pili lilikuwa hivyo, na la tatu. Alisimama, akatazama mistari yote minne, na yote ilikuwa inainama. Mstari wa tano, ambao haukuguswa, ulikuwa wima unang'aa.

Khisa alikuja, akachutama, akashika jani likamlegea vidoleni. Alipoinua uso alimkuta Nyaruai analia na kucheka kwa pamoja, mkono umeziba mdomo.

"Unacheka?" alisema taratibu, na taratibu hiyo ilitisha kuliko kelele.

"Nisamehe." Nyaruai hakuficha. Angeweza kusema ni machozi ya majuto, na yalikuwemo. "Mahindi yako yanakufa, na mimi nimefurahi. Nisamehe. Mama yangu alipotewa na akili, Khisa. Alianza kwa kunusa vitu ambavyo haviko. Jana nimenusa hiyo dawa mkononi, nikajua nimekwisha. Kumbe iko. Kumbe ilikuwa kwa mkono kweli." Akajifuta uso kwa mkono wa nguo. "Kosa ni langu, na mtu asikuambie lingine. Ila niko na akili yangu."

Khisa aliliachia jani. Akahesabu mistari kwa kidole, minne, kisha akatupa macho kwenye ile mingine iliyoshuka mpaka mtoni.

"Ungekaa tu kule Kitale," alisema, "ingekuwa yote."

"Ndiyo."

"Na hakuna mtu angejua. Ningesema ni mbegu mbaya."

"Ndiyo."

Akainuka, akaingia ghalani, akarudi na jembe, akamtupia miguuni. "Haya basi. Kama uko na akili, ng'oa."

Nyaruai alivaa glavu, akang'oa mistari minne mpaka mgongo ukakataa, Khisa naye akichimba kando yake na kumsimanga bila kupumzika. Walikubaliana: atamletea maharagwe ya kupanda mahali pale, na dawa sahihi, kwenye chupa yake ya dukani yenye lebo. Mvua ilianza wakiwa kwenye mstari wa mwisho. Ile glavu ya kulia ilikuwa na tundu la ule msumari wa miaka yote, na hakuligundua mpaka alipoivua.

Kutoka kwenye kibanda cha kungojea gari, Sirisia, alimpigia Issack, akamweleza kila kitu, mpaka yale matanga ya uongo.

"Ungeniambia jana," Issack alisema, "ningekuambia, Mama Gathii, lala, kesho tutaona." Akashusha pumzi. "Kupima kwa mitungi kumekwisha. Leo. Kesho fungua duka saa mbili, kreti yako iko pale pale."

Alishuka Kiminini saa kumi na moja jioni. Nyambu alikuwa anafua nyuma ya nyumba, na mama yao alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango wa jikoni, sweta limefungwa vifungo vya kupishana. Alimtazama Nyaruai anavyokuja, matope mpaka magotini.

"Wewe ni nani?"

Miaka mitatu Nyaruai alikuwa akilijibu swali hilo kwa haraka, mimi Nyaruai, mtoto wako, na kupita mbio jikoni kabla hajalisikia mara ya pili. Leo alivuta kigoda, akakaa mbele ya mama yake, goti kwa goti. Baridi ile ilikuwa pale pale, chini ya mbavu. Akaiacha. Hakujibu bado. Alimtazama mama usoni, akaona kumbe ana kovu dogo juu ya nyusi ambalo hakuwahi kuliona, na kumbe hupumua kwa mdomo kidogo.

Mukami aliushika mkono wake wa kulia. Akaugeuza, akaukagua kiganja, kisha akauinua polepole mpaka puani. Akakunja uso.

"Mkono huu unanuka dawa," alisema kwa ukali, ile sauti ya zamani kabisa, ya wakati yeye na Nyambu walikuwa wadogo. "Nenda ukanawe. Tena kwa sabuni. Hauli kwangu na mkono kama huo."

"Ndiyo, Mama," Nyaruai alisema, akaenda kunawa.